Nyumba Isiyo na Mjusi

Ninyi mnaokuja kujaza upepo baiskeli zenu hapa kwangu Usagara, kisha mkakaa hadi adhuhuri mkijifanya mnangoja gundi ikauke, mmenichokoza wenyewe. Juzi redio ilisema habari za mabomu yanayojaribiwa mbali huko baharini: jinsi majivu yake yanavyochukuliwa na upepo, yakashuka na mvua, yakaingia kwenye majani, kutoka kwenye majani yakaingia kwenye maziwa ya ng'ombe, na kutoka kwenye maziwa yakakaa ndani ya mifupa ya watoto. Mkacheka. Mmoja wenu, simtaji, akasema, "Yaani bomu lipasuke huko kwa wenyewe, maziwa yaharibike huku? Na mvua zote hizi zinazonyesha, si yameshaoshwa zamani?"

Mimi sikucheka. Habari za mabomu sizijui. Shule yangu iliishia darasa la kumi, na hata hilo la kumi nililisoma huku nikichungulia barabara. Lakini maneno hayo ya mvua na kuoshwa niliwahi kuyasikia, karibu yaleyale, kutoka kinywani mwa rafiki yangu Hamadi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake mpya, mkono mmoja kauweka ukutani kama mtu anayemshika fahali wake mnadani. Ndani ya nyumba ile alikuwamo mkewe, Mwanahamisi, mwenye mimba ya kwanza. Nikiwasimulia kwa mdomo mnanikatiza, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Kabla ya baiskeli, kabla ya lori la machungwa la Muheza, kabla ya miaka yote ya kuzunguka Mombasa na Voi na kwingine ambako miguu ilinipeleka bila kuniuliza, nilikuwa mtu wa josho. Ilikuwa miaka ya hamsini. Najua wengi wenu hamjaliona josho. Ni mtaro mrefu wa saruji uliozama ardhini, umejaa maji yenye dawa. Ng'ombe anapitishwa kwenye kichochoro cha magogo, anaruka ndani, anazama mpaka pembe, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, kisha anasimama kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa imchuruzike irudi mtaroni. Kupe wanakufa. Ng'ombe anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Josho letu lilikuwa kaskazini mwa Tanga, kando ya barabara ya kwenda Horohoro, katika ardhi ya bwana mmoja mwenye asili ya Omani tuliyemwita Bwana Seif. Alikuwa na minazi na ng'ombe wengi, na wafugaji wadogo wa Kidigo waliokuwa jirani aliwaruhusu kuleta wao pia. Mkuu wa josho alikuwa Mzee Mhina, Mbondei mwenzangu, mtu mfupi mwenye miguu mipana, aliyependa ugoro kuliko chakula lakini hakuugusa mpaka anawe mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Dawa yenyewe ilikuwa aseniki, sumu inayotoka kwenye mawe. Sisi hatukuitaja hivyo. Tulisema "dawa" tu, kama mtu anavyomtaja mkwewe bila kumtaja jina.

Nilijifunza kazi ile kwa namna mnayoweza kuicheka. Somo la kwanza ni kwamba ng'ombe usimwogeshe akiwa na kiu, maana atakunywa. Mnyweshe kwanza, mpumzishe kivulini, umwogeshe asubuhi jua lingali pole. Somo la pili ni kutanguliza ng'ombe mzee aliyezoea. Wetu aliitwa Karani, jike jeupe lenye pembe moja, na akiruka yeye wengine wote wanafuata bila kufikiri. Somo la tatu ni kutosimama kati ya fahali na ukingo, na hilo nililijua baada ya fahali mmoja mwekundu kunisukuma tukaingia pamoja.

Nilipoibuka, Mzee Mhina alikuwa ukingoni, hana haraka, ananionyesha kidole mdomoni. "Funga. Usimeze mate. Usilambe. Usinijibu." Akanivuta, akanimwagia ndoo baada ya ndoo, akanisugua kwa makumbi na sabuni kama sufuria la harusi. Nilifunga mdomo mpaka jioni. Watu wa pale walisema hiyo ndiyo siku pekee waliyonipenda.

Wakati naanza kazi, ng'ombe wa pale walikuwa na abiria. Ndege wadogo wa rangi ya kahawia, wenye midomo myekundu, walikuwa wakitambaa juu ya migongo yao wakila kupe, wakipiga kelele mtu akikaribia. Karani alikuwa nao kila siku, wengine hadi masikioni. Kisha wakaanza kupungua. Sikuona walipokwenda. Asubuhi moja tu nilitazama mgongo wa Karani ukawa mtupu, nikamuuliza Mzee Mhina.

"Kupe kaoga dawa," akasema. "Ndege kamla kupe."

"Lakini dawa ni ya kupe."

"Ni wewe uliyeambiwa ni ya kupe. Kupe hajui, ndege hajui, na dawa yenyewe haijui."

Alikuwa na desturi ya kuzunguka vichaka vya jirani kila tukimaliza kuogesha. Paa walipenda kuja kulamba sakafu ile ya mteremko, kwa sababu ya ladha ya chumvi. Akimkuta paa aliyekufa, hakumwacha hapo hata kama kazi ilikuwa imerundikana. Alichimba shimo la kumfikia kiunoni na kumfukia. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ana huruma ya kupita kiasi. Akaniambia tumwache mmoja, nijionee. Kunguru walimjia, na baadaye tukamwona kunguru chini ya mbuyu ulio karibu na kijito, mbawa zimetandazwa. Kenge akamburuta kunguru yule majanini. Siku chache baadaye kenge naye alikuwa anaelea tumbo juu, mahali wanawake walipochotea maji ya kufulia. Mzee Mhina akamtoa kwa kijiti, akawakataza watu kuchota hapo kwa muda, kisha akanikabidhi jembe.

"Kinyesi kinaoza," alisema nikichimba. "Mzoga unaoza. Hata chuma kinaliwa na kutu. Hii haiozi, mwanangu. Hii ilikuwa jiwe kabla ya kuwa dawa. Anayekufa anaiacha tu ihamie kwa mwingine."

Kila baada ya muda josho linachafuka. Mavi, manyoya na udongo wa kwato vinatuama chini kuwa tope zito la kijivu, nalo linabeba dawa kuliko hata maji yenyewe. Tulilikomba na kulimwaga katika shimo refu lenye uzio. Lakini kulikuwa na shimo jingine, la zamani, karibu zaidi na kijiji. Josho la kwanza la Bwana Seif lilikuwa upande ule, likapasuka kabla mimi na Mzee Mhina hatujafika pale. Shimo lake lilisahauliwa. Uzio ukaanguka, majani yakaota juu yake, marefu na ya kijani kibichi. Mpita njia angeona konde zuri la kulishia. Kilichobaki cha uzio kilikuwa boriti chache za mikoko zilizosimama ndani ya tope lenyewe, wima, kavu, nzima.

Hapo ndipo rafiki yangu Hamadi alipopata akili yake.

Hamadi alikuwa fundi wa kukandika nyumba, Mdigo mcheshi mwenye mikono mirefu, na adui yake mkubwa duniani alikuwa mchwa. Upande ule mchwa ndiye mwenye nyumba, wewe ni mpangaji. Unasimamisha boriti, unafunga fito, unakandika, unaezeka makuti, na kabla hujamaliza kujisifu unaona njia ya udongo imeanza kupanda kutoka sakafuni. Hamadi alipoposa, watu wa mke wake walimtania hadharani kwamba fundi mwenyewe anaishi kwa mama yake katika nyumba iliyoegemea mnazi. Neno lile lilimwingia. Akaazimia kujenga nyumba ambayo haijawahi kuonekana. Akizunguka kutafuta udongo, akaziona zile boriti za shimo la zamani. Miaka yote ile na mchwa hawajazigusa. Akachimba chini ya majani akakuta tope laini lisilo na kokoto, linaloshika mkononi kama unga wa ngano.

Alijenga kwa tope lile vyumba viwili na baraza. Akasimamisha boriti mpya akazishindilia kwa tope hilohilo, akakandika ndani na nje, akasugua ukuta kwa kiganja mpaka ukang'aa. Hakuna aliyejua ulikotoka udongo. Udongo ukishakauka ukutani unafanana na udongo mwingine. Siku ya kumwingiza Mwanahamisi ndani, alipiga boriti ya mlango kwa ngumi, mbele ya wakwe wote, akasema, "Nyumba hii wajukuu zangu wataikuta." Nilikuwapo. Nilikula pilau na kumshangilia.

Mwaka haujaisha, Hamadi akaja joshoni asubuhi na mbuzi aliyekufa begani.

"Shikamoo, Mzee Mhina."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nimebeba kesi. Dawa yenu imeniulia mbuzi."

"Alishawahi kuogeshwa hapa?"

"Mbuzi wangu haji kwenu. Lakini amekufa kifo cha kwenu. Ameharisha, ametetemeka, miguu ya nyuma ikalegea. Na huyu si wa kwanza."

Mzee Mhina alimkagua mbuzi bila kumgusa. "Unawafunga wapi?"

"Nyumbani, ukutani. Wanapapenda pale, Mzee. Wanaulamba ukuta wangu utadhani nimeukandika kwa tui."

Mzee Mhina alikuwa ameshika kikopo cha ugoro. Akakifunga, akakirudisha mfukoni. "Twende tukauone huo ukuta," akasema.

Tulipofika, mama yake Hamadi, Bi Mwanajuma, alikuwa ameketi barazani akisuka ukili. Baada ya salamu, Mzee Mhina aliizunguka nyumba taratibu. Kwenye ukuta wa nyuma, kwa kimo cha kichwa cha mbuzi, ndimi zilikuwa zimechimba mfereji laini kutoka pembe hadi pembe. Akachutama chini ya ukuta. Akatazama chini ya makuti. Hakukuwa na njia ya mchwa, wala kiota cha nyigu, wala utando wa buibui.

"Nyumba safi," nikasema.

"Imepita usafi," akajibu. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Hamadi, udongo huu umeutoa wapi?"

Hamadi akatabasamu. Alikuwa amelisubiri swali lile tangu siku ya harusi. "Shimo la josho la kale. Umeiona akili hiyo? Mchwa wanapita mbali wakisalimu."

"Hamadi."

"Mzee, najua utakachosema. Lakini lile shimo limekufa zamani. Majani yake yananifika magotini. Masika ngapi zimenyesha pale? Si imeshaoshwa yote?"

Mzee Mhina hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu Mwanahamisi alitoka na maji ya kunywa kwenye sinia. Alikuwa msichana mrembo mwenye ulimi mwepesi, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Akainama kutukaribisha. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na vumbi la kijivu.

Nyote mmewaona mama zenu na dada zenu wakiwa katika hali ile, jinsi udongo unavyowaita. Wengine hununua sokoni, wengine hubandua ukutani. Ni jambo la wanawake, na mwanamume mgeni haliulizi. Mzee Mhina akamwelekea Bi Mwanajuma, macho yake chini.

"Dada, unisamehe. Huyu binti anatamani udongo?"

"Mimba gani haitamani?" Bi Mwanajuma akasema bila kuacha kusuka. "Mimi na mimba ya huyu Hamadi nilimaliza kona nzima ya nyumba ya mama mkwe. Alidhani ni panya."

"Anautoa wapi?"

Mwanahamisi akajibu mwenyewe, akicheka. "Ukutani kwangu, Mzee. Wa kwetu una chumvi, hauhitaji kutafuta. Mwambieni yeyote kama kuna mke mwingine aliyejengewa nyumba ya kuliwa."

Tulicheka sote. Mzee Mhina peke yake hakucheka. Akamwomba anyooshe viganja. Vilikuwa vimekauka na kuwa vigumu, kama vya mtu anayepalilia kutwa.

"Miguu inakufa ganzi?"

Kicheko cha Mwanahamisi kikaisha. "Kidogo. Na tumbo linanikata. Nilidhani ndiyo mimba."

Bi Mwanajuma akauweka ukili chini.

Mzee Mhina hakumkataza udongo. Hiyo ndiyo busara yake ninayoikumbuka mpaka leo. Mwanamke mwenye hamu ukimwambia asile, atakula akijificha. Alimwambia, "Kula udongo wa kichuguu, binti yangu. Palipojengwa na mchwa, kula. Palipokataliwa na mchwa, nawe pakatae. Huu ukuta usiuguse hata kwa kuegemea. Na kesho Hamadi akupeleke hospitali Tanga, uwaeleze umekula nini."

Hamadi alikuwa amebadilika rangi. "Mzee Mhina, nakuheshimu. Lakini nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Ninyi Wabondei mnajenga nyumba zinaanguka kabla chungwa halijaiva, ndiyo maana mkiona ya mwenzenu imesimama mnakosa usingizi."

"Sawa," Mzee Mhina akasema. "Nikose usingizi mimi."

Mwanahamisi aliitua sinia. "Mimi leo nalala kwa mama," akasema, akimaanisha nyumba ya Bi Mwanajuma, ileile iliyoegemea mnazi, hatua chache tu ng'ambo ya uwanja.

"Utatoka kwenye nyumba hii ukalale kwenye ile?" Hamadi akauliza. "Watu watasema nini?"

"Watasema mimba ina mambo."

"Na utarudi lini?"

Akafikiri. "Siku nitakapoona mjusi ukutani kwako. Mjusi kafiri yumo katika kila nyumba, hata ya kadhi. Tangu niolewe, kwetu sijamwona hata mmoja. Nilidhani ni baraka."

Hapo inabidi nieleze, kwa ambao si watu wa pwani. Mjusi kafiri, yule mweupe anayelia tk-tk-tk juu ya kuta, kwa wazee wetu wa Kiislamu ni kiumbe cha kupigwa kandambili, tena kwa thawabu. Hamadi alikuwa bingwa wa kazi hiyo, hakosi shabaha. Sasa mtu huyohuyo tulimwona akipita nyumba hadi nyumba na kikapu chenye kifuniko, akiomba mijusi.

"Hamadi, umeingia uganga?" watu wakamuuliza.

"Nimeingia ndoa," akajibu.

Aliwapata jikoni kwa Bwana Seif, akawapata msikitini kwa ruhusa, akawapata kwa mama yake mwenyewe. Akawafungulia ndani ya nyumba yake na kufunga mlango. Wakapanda ukutani, wakatulia, wakageuza vichwa. Hamadi akakimbia kumwita mkewe. Mwanahamisi akaja, akasimama nje, akachungulia dirishani, akasema, "Hao ni wageni. Tuone kama watakaa."

Hawakukaa. Kesho yake hakuwamo hata mmoja. Wengi walikuwa wamevuka uwanja kwenda kwa Bi Mwanajuma, na kijiji kizima kikasema wamemfuata mwanamke. Hamadi akaja joshoni kumuuliza Mzee Mhina kama dawa ndiyo iliyowafukuza.

"Mjusi haogopi dawa," Mzee Mhina akasema. "Mjusi anafuata inzi na mbu na kumbikumbi. Na hao wote kwako hawana la kufuata."

Hamadi alikwenda akaketi kizingitini pake kutwa nzima, akiutazama ukuta. Nilipita nikitoka kazini nikamkuta bado yupo palepale. Asubuhi iliyofuata tulimkuta joshoni kabla yetu, jembe begani.

"Niambieni inavunjwaje," akasema.

Nimewahi kuvunja vitu vingi katika maisha yangu, lakini nyumba ile ndiyo niliyoivunja kwa adabu. Mzee Mhina alitufunga vitambaa puani. Kila ukuta tuliulowesha kwanza, vumbi lisipae. Hamadi alitaka angalau fito ziwe kuni, Mzee Mhina akakataa, akasema moto hauiui dawa hii, unaipandisha hewani tu ishuke kwenye sufuria la jirani. Makuti yakafukiwa, fito zikafukiwa, mpaka sakafu tuliikwangua. Tulikwenda kwa Bwana Seif kuomba mkokoteni wa ng'ombe. Alitusikiliza akichezea tasbihi.

"Ukuta tu?" akasema. "Mimi nimekula dagaa wenye mchanga kuliko huo." Kisha akamtazama Hamadi, akaacha mzaha. "Chukueni. Ila msiuoshee kijitoni. Osheeni palepale shimoni."

Tope likarudi lilikotoka. Tulipomaliza kufukia, kulikuwa kumebaki zile boriti za nyumba, nzima, nzito, zimenywa dawa. Mzee Mhina akasema zisimamishwe kulizunguka shimo ziwe uzio, na kati yake tupande minyaa, miti ya utomvu mkali, mbuzi wasipite. Hamadi alizisimamisha mwenyewe, moja moja, kwa uangalifu uleule aliojengea. Akipima wima kwa jicho moja alisema, si kwa yeyote kati yetu, "Na nilisema mbele ya wakwe."

Kisha tukaingoja mimba. Hospitali walimwangalia Mwanahamisi, wakampa walichokuwa nacho, wakasema kuhusu mtoto hawawezi kuahidi. Ganzi ikaanza kumwachia. Viganja vikachelewa. Mzee Mhina, mtu aliyekuwa hamuulizi mtu habari zake, sasa alimuuliza kila aliyepita kutoka kijijini: mke wa Hamadi anakula? Anatembea? Mtoto anacheza? Hamadi alichimba vichuguu mpaka jirani wakalalamika kwamba amewafukuzia mchwa mashambani mwao, naye akasema hilo ni jambo ambalo hakutarajia kulaumiwa maishani.

Mtoto alizaliwa nyumbani kwa Bi Mwanajuma, wa kike, mdogo mno, anatosha kwenye pakacha. Lakini alilia, tena kwa sauti ya kuudhika. Wakamwita Rehema. Mzee Mhina alikwenda kumwona na machungwa kutoka kwao Muheza. Kabla ya kumpokea mtoto aliomba maji na sabuni, akanawa hadi viwikoni, akasuuza, akanawa tena. Siku ile hakuwa ametoka joshoni. Ilikuwa Jumapili.

Mimi niliondoka muda mfupi baadaye, kwa ugonjwa wangu wa kuondoka. Nilisikia dawa mpya ilikuja katika mapipa, ya harufu nyingine, ikisifiwa kuwa bora, na Mzee Mhina akaendelea kunawa vilevile. Nilisikia amefariki nikiwa Voi, naye kazikwa kwao. Hata leo nikipita barabarani nikaona kundi la ng'ombe, macho yangu yanakwenda migongoni kwanza. Mitupu.

Mwaka jana nilikuwa nakwenda Horohoro kufuata spoku na minyororo, nikamwambia dereva anishushe njiani. Hamadi amezeeka, mikono imebaki mirefu. Alinipokea barazani. "Karibu," akasema, "karibu nyumba yenye mchwa." Na kweli, njia yao ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Mjusi alilia juu ya kichwa chake. Hakutafuta kandambili.

Mwanahamisi alikuwa jikoni, akinitania kutoka hukohuko kwamba bado sina mke wala anwani. Akatoka msichana mrefu, akasema shikamoo, nikaitikia kabla sijajua ni nani. Alikuwa Rehema, amekuja kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza. Kwenye pindo la kanga yake alikuwa amefunga kitu, anakimega kidogokidogo.

"Cha kichuguu," akaniambia alipoona natazama. "Baba hanipi mpaka aone mchwa wenyewe wakitoka. Ukimwuliza sababu anasema ni hadithi ndefu."

"Si ndefu," Hamadi akasema. "Njooni."

Tukafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye shimo. Minyaa ilikuwa imenenepa ikawa ukuta wa kijani, na katikati ya minyaa boriti zilikuwa zimesimama, kila moja pale alipoipima kwa jicho moja. Ndani ya uzio majani yalikuwa marefu na mazuri. Nilipenyeza mkono nikaigonga moja kwa kifundo cha kidole. Ililia kavu na nzima, kama ilivyolia siku ile ya pilau.

Hamadi alimshika bintiye mkono, akamsimamisha hatua kadhaa nyuma.

"Nilimwambia mama yako kwamba nyumba hii wajukuu zangu wataikuta," akasema. "Haya, ndiyo hiyo. Usiisogelee."